Swali na Jibu: Risiti 300, kanzidata imeulizwa mara 601

SWALI: Shikamoo mama. Nasimamia programu ya ghala la mahindi hapa Kibaigwa, nimeiandika kwa Django, zana ya lugha ya Python ya kutengenezea programu za wavuti. Nina majedwali matatu: Risiti, Mkulima na Kijiji. Ukurasa wa risiti unaonyesha vitu vinne tu: tarehe, magunia, jina la mkulima na jina la kijiji chake. Risiti zikifika 300, karani anasubiri mpaka madereva wa malori wanaanza kunung'unika. Nimeweka only('tarehe', 'magunia', 'mkulima') ili zichukuliwe safu hizo tu, sijaona nafuu. Rafiki yangu ananishauri niachane na ORM, ile sehemu ya Django inayoniandikia maswali ya kanzidata, niandike SQL, lugha ya maswali hayo, kwa mkono. Nifanyeje?
Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako asikukimbize. Ugonjwa haumo kwenye ORM, umo kwenye nukta.

Fungua kiolezo cha ukurasa wako, lile faili linalopanga kinachoonekana kwenye skrini. Naamini umeandika r.mkulima.jina, halafu r.mkulima.kijiji.jina. Ile only imepunguza safu za jedwali la Risiti peke yake. Ukifika kwenye nukta ya kwanza, Django inarudi kwenye kanzidata kumchukua mkulima. Ukifika kwenye ya pili, inarudi tena kuchukua kijiji. Swali moja la risiti, 300 ya wakulima, 300 ya vijiji: jumla 601. Mkulima mmoja akiwa na risiti kumi, ataulizwa mara kumi. Tena anakuja mzima mzima. Kama umemhifadhia alama za vidole kwenye jedwali hilo hilo, nazo zinabebwa, na wewe ulitaka jina tu.

Andika hivi:

Risiti.objects.values('tarehe', 'magunia', 'mkulima__jina', 'mkulima__kijiji__jina')

Vile vistari viwili vya chini ndivyo vinavyovuka kutoka jedwali hadi jedwali. Django yenyewe inaunganisha majedwali yote matatu ndani ya swali moja la SQL, na zinarudi safu nne ulizotaja. Hiyo SQL anayokuhimiza rafiki yako imeshaandikwa.

Angalia jambo moja: kila mstari sasa ni kamusi ya Python, yaani majina na thamani zake tu, si Risiti tena. Kwenye kiolezo badilisha r.mkulima.jina iwe r.mkulima__jina. Ukisahau, hutaonywa, nafasi ya jina itabaki tupu. Na kama umeandika hesabu ndani ya modeli, ile sehemu ya programu inayoeleza jedwali la Risiti, tuseme ya ushuru wa gunia, kamusi haiijui. Hapo tumia select_related('mkulima__kijiji'), inayomleta mkulima na kijiji chake pamoja na risiti, ukiiambatanisha na only yenye majina yale yale manne. Utapata Risiti yenyewe, si kamusi, kwa swali moja, ila hesabu yako ikigusa safu ambayo hukuitaja, safari zinaanza upya, moja kwa kila risiti.

Sasa nikwambie lililonikuta mimi. Nilikuwa na programu ya kupokea zabibu huku Mpunguzi. Nikataka na namba ya simu ionekane, nikaongeza 'mkulima__simu__namba'. Wengi walikuwa na laini moja, mambo yakaenda. Akaja mzee mmoja mwenye laini mbili. Daftari lake la jalada la bluu, pembe zimeshakunjika, lilisema kilo 412. Skrini yangu ikasema 824. Mzee hakuifurahia ile ziada. Aliniuliza taratibu, "Mwanangu, hizi nyingine ni za nani?" Siku ile nilifunga kompyuta nikaomba radhi, maana sikuwa na jibu.

Jibu nimelijua baadaye. Risiti ina mkulima mmoja, mkulima ana kijiji kimoja, kwa hiyo ukivuka upande huo mstari haujirudii. Lakini mkulima ana simu moja au zaidi, na ukivuka upande huo kila risiti inaandikwa upya kwa kila simu. Ukijumlisha, unajumlisha kilo zile zile mara mbili. Hata distinct(), inayoondoa mistari inayofanana, haisaidii, kwa sababu namba za simu zinatofautiana na mistari inahesabika kuwa tofauti. Nilichofanya ni kuzitoa simu kwenye orodha, nikaziuliza kwa swali la pili peke yake, nikazipanga kwa namba ya utambulisho ya kila mkulima. Maswali mawili, kilo 412. Wewe una pesa za watu mikononi, mwanangu. Siku utakayoongeza safu, iwe simu au mashamba, simama kwanza uulize ni ya mmoja au ya wengi.

Kabla hujamwita karani, washa DEBUG, hali ya Django ya kutafutia makosa, kwenye kompyuta yako, siyo kwenye seva ya ghala, uchapishe len(connection.queries), yaani idadi ya maswali yaliyokwenda kwenye kanzidata, ukurasa ukishamaliza kuchorwa. Ukiona mawili matatu zaidi ya moja, hayo ni ya kumtambua karani aliyeingia. Ukiona mamia, kuna nukta umeiacha kwenye kiolezo.