Mleta mada, usikubali binti achongwe magego kwa sababu taya linalia

Kesho asubuhi, kabla ya chai, piga simu ufute hiyo miadi. Umeuliza habari ya mto wa kulalia, na katikati ukapitisha kimyakimya kwamba binti wa miaka 11, taya linalia "ta" akipiga miayo, haumwi popote, anakwenda kuchongwa magego ili "meno yakutane vizuri". Nimesoma mara mbili nikidhani macho yangu mabovu.

Wangu alikuwa na umri huohuo. Tukaambiwa meno hayakutani sawasawa ndiyo maana taya linalia. Mashine ikavuma, enameli, lile ganda gumu la nje la jino, ikaondoka, na enameli haioti tena. Taya likaendelea kulia vilevile, tukaongezewa na meno yanayokufa ganzi kwa maji baridi. Tuliporudi, yule daktari wa meno, bwana mkubwa, akasema tuchonge "kidogo tena". Kidogo tena! Seremala akikata vibaya mguu wa meza ana mbao nyingine. Huyu mbao zake zilikuwa kinywani mwa mtoto wangu. Nami, mwenye akili zangu timamu, nikalipa na kusema asante. Chekeni tu, nimeshazoea.

Bingwa wa meno ya watoto ndiye aliyekuja kunifungua macho. Umri huo meno ya utotoni bado yanang'oka na ya ukubwani yanaota, kwa hiyo yanavyokutana leo sivyo yatakavyokutana mwakani. Unachonga kitu kinachohama! Taya kulia bila maumivu, na mdomo unafunguka vizuri, watoto wengi wanalo, na mara nyingi halitaki tiba, linataka kuangaliwa tu. Kama yule bwana hakulijua hilo, ni balaa. Kama alilijua, ni balaa kubwa zaidi.

Kanuni yangu ni moja: taya la mtoto anayekua lisifanyiwe jambo lisiloweza kurudishwa nyuma. Likianza kuuma, kuna chakula laini kwa muda, kitambaa cha uvuguvugu shavuni, kuacha bigijii na kuacha kutafuna kucha, dawa ya maumivu kwa kipimo cha uzito wake, mazoezi ya taya kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Isiposaidia, unaacha, mtoto yuko kama alivyokuwa.

La kuharakisha ni hili: vidole vyake vitatu vikishindwa kupita wima kati ya meno ya mbele, kidevu kikivutwa upande, taya likiwa gumu asubuhi, au aliwahi kuangukia kidevu, mpeleke kwa daktari. Baridi yabisi ya utotoni huweza kukishambulia kiungo cha taya bila maumivu na kudumaza ukuaji wake. Mtoto wetu hakuna aliyempima hata upana wa mdomo, mashine ilitangulia.

Na daktari wako wa meno akikutisha kwamba usipochonga sasa atapasuliwa ukubwani, mwombe akuandikie hayo na kutia saini. Wetu tulipomwomba, ghafla akakumbuka ana mgonjwa mwingine.