Leseni za Android kwenye seva isiyo na mtu wa kubonyeza

Kwa ninyi mnaoanza kazi ya kutengeneza programu za simu hapa Kampala: mapema tu mtakutana na hili. Kwenye laptopu yako programu inajengeka vizuri, ukiipeleka kwenye seva ya kujengea inagoma, na logi inalalamika kwamba vifurushi fulani vya Android SDK, yaani zana za kujengea programu za Android, vimeshindwa kusakinishwa kwa sababu leseni hazijakubaliwa. Usiguse msimbo, hauna kosa. Seva inasubiri mtu aseme ndiyo, na pale hakuna mtu.

Kwenye laptopu uliisema ndiyo hiyo ulipokuwa unaweka Android Studio, huenda bila kusoma. Jibu lako lilihifadhiwa kwenye folda iitwayo licenses, ndani ya folda ya SDK. Ifungue uone. Utakuta faili kama android-sdk-license, na ndani yake mstari wa herufi na tarakimu 40. Hiyo ni alama ya SHA-1 inayokokotolewa kutoka kwenye maandishi ya leseni yenyewe. Google wakibadilisha maandishi, alama nayo hubadilika, na ile uliyo nayo haitoshi tena. Tangu toleo la 2.2 la programu-jalizi ya Android, Gradle, chombo kinachoendesha ujenzi, hujishushia yenyewe vifurushi vinavyokosekana, ila ikikuta alama haipo, inasimama. Ndiyo maana seva iliyokuwa inafanya kazi salama inaweza kugoma siku ile mmepandisha compileSdk, namba ya toleo la SDK mnalojengea, maana hapo kifurushi kipya kinahitajika.

Dawa utakayopewa na kila mtu ni hii:

yes | sdkmanager --licenses

Inafanya kazi, nami siipendi. Amri ya yes hutema herufi y mfululizo, na sdkmanager, chombo cha kusakinisha vifurushi vya SDK, huuliza leseni zote ambazo hazijakubaliwa, zikiwemo za matoleo ya majaribio na za vifaa ambavyo ofisi yenu haitavigusa kamwe. Ukiiweka kwenye skripti inayoendeshwa kila mara, leseni ikibadilika hakuna atakayejua. Halafu kama skripti ina set -o pipefail, inayohesabu kosa la amri yoyote iliyounganishwa kwa bomba (ile alama |), kazi inaweza kuhesabiwa imeshindwa kwa namba 141 ingawa leseni zote zimekubaliwa: sdkmanager imemaliza na kuondoka, yes bado inaongea na bomba lililofungwa. Vijana wengi hupoteza mchana mzima hapo.

Nashauri hivi. Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuingia mkataba kwa niaba ya kampuni, si mwanafunzi wa mafunzo kazini, asome leseni na kuzikubali kwenye mashine yake. Kisha folda ya licenses inakiliwa kwenda seva, au inawekwa ndani ya taswira ya Docker (nakala iliyofungashwa ya mazingira ya kujengea), na mnaandika mahali nani alikubali na lini. Google wenyewe wanaeleza njia hii ya kunakili. Siku mkihitaji kifurushi chenye maandishi yaliyobadilika, ujenzi utagoma, na uachwe ugome mpaka yule mtu asome tena. Uganda ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011, inayotambua mikataba inayofungwa kwa kompyuta, kwa hiyo hiyo y si mchezo. Mkiwa mnajenga kwenye seva ya mteja, tuseme SACCO, muulizeni kwa maandishi nani anakubali kwa niaba yake.

Mkishakuwa na taswira hiyo, wekeni humo na vifurushi vyenyewe, kisha kwenye gradle.properties andikeni android.builder.sdkDownload=false. Hapo Gradle haitashusha vifurushi vya SDK kisirisiri. Kwa ofisi inayonunua bando, hilo peke yake linatosha kuwashawishi wakubwa.

Umekubali leseni na bado inagoma? Mara nyingi umezikubali kwenye SDK nyingine. Uliingia kama root, mtumiaji mkuu wa mashine, leseni zikakaa /root/Android/Sdk, wakati kazi inaendeshwa na mtumiaji jenkins ambaye ANDROID_HOME yake, inayoonyesha SDK iko wapi, ni /opt/android-sdk. Weka echo $ANDROID_HOME na whoami ndani ya kazi yenyewe, usizijaribu kwenye terminali yako, maana terminali itakujibu habari zako wewe. Angalia pia kama mtumiaji huyo ana ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo.

Wa Flutter, flutter doctor --android-licenses inaita sdkmanager ileile, kwa hiyo haya yote yanawahusu. Wa iPhone mna Mac na amri moja, sudo xcodebuild -license accept, na mnahitaji kuirudia Xcode ikipandishwa toleo lenye leseni mpya.

Na ukiona sdkmanager inaanguka kabla hata ya kuuliza chochote, ikitaja javax/xml/bind, hilo si suala la leseni. Unatumia sdkmanager ya zamani iliyo kwenye folda ya tools, isiyoelewana na Java 11 kwenda juu. Weka ile ya cmdline-tools/latest pamoja na Java 17, kisha rekebisha PATH, orodha ya folda ambamo amri hutafutwa, ili ya zamani isitangulie.