Barua kwa mwanangu: kwanini mwalimu anaiangusha ndege makusudi

Mwanangu, meseji yako nimeiona jana usiku. Unauliza eti kwanini mwalimu wenu wa urubani hapo uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, anapunguza injini, anavuta pua juu mpaka ndege inatetemeka na kuanza kuporomoka, halafu anakwambia haya itoe, ni kuwatisha au anajionyesha tu. Nimecheka kwanza, nisamehe.

Hiyo kitu ina mwenyewe. Robert Smith-Barry, Mwingereza, rubani wa jeshi katika wale wa mwanzo kabisa. Agosti 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ndo imeanza, akaanguka na ndege huko Péronne, Ufaransa, mwenzake aliyempakia akafa, yeye akavunjika miguu akabaki anachechemea. Hakuacha. 1916 akapewa Skwadroni ya 60 wakati wa mapigano ya Somme, hukohuko Ufaransa, na hapo ndo roho ikamuuma, maana alikuwa analetewa vijana wana masaa machache tu hewani, leo wamefika keshokutwa vitanda vyao vitupu. Akawaandikia wakubwa barua za kulalamika juu ya mafunzo, nyingine kali kwelikweli, na mwisho wa mwaka huo wakampa kikosi cha mafunzo Gosport, Uingereza, kama vile kumwambia haya, tuonyeshe.

Akaonyesha. Zamani spini, yaani ile ndege kuporomoka huku inazunguka, ilikuwa kama pepo, ikikushika ndo basi, na walimu walikuwa wanawaambia wanafunzi wakae nayo mbali. Yeye akasema hapana, tuifuate huko huko juu tukiwa na futi za kutosha, mwanafunzi akae kiti cha rubani tangu mwanzo, aiingize mwenyewe, aitoe mwenyewe. Ndege ilikuwa Avro 504 yenye kontroli mbili, za mwalimu na za mwanafunzi, na kati ya viti kukapita mpira wa kuongelea, mwalimu anasema kwenye mdomo wa mpira na mwanafunzi anasikia kwenye kofia yake, kama kile kipimo cha daktari cha kifuani. Kabla ya hapo ilikuwa kupiga kelele na injini inazimeza zote. 1917 pakawa shule ya kufundisha walimu wenyewe.

Kwahiyo mwalimu wako hana kichaa. Unakumbuka nilivyokupeleka kwenye matope na ile pikapu nikakwambia funga breki ghafla, mama yako akanuna wiki nzima? Ndo hiyohiyo.

Ila asubuhi ya hilo somo usile chapati na maharage, kunywa chai tu.

Baba