Fundi Akikuomba Risiti ya Elfu Themanini

Kwa jinsi tunavyohubiriwa, ungedhani dunia inaishi baa. Mahubiri ya kuikataa dunia ninayasikia tangu darasa la kipaimara, na karibu yote hutaja pombe, disko, sketi fupi na, siku hizi, kubeti. Sibishi. Ila mimi nauza vifaa vya umeme Kariakoo, na dunia ninayoifahamu huja saa nne asubuhi, haijalewa, imevaa ovaroli, inanipa shikamoo kwa heshima zote. Inachagua nyaya, swichi na soketi, jumla elfu sitini. Kisha inaegemea kaunta na kusema taratibu: "Mama, niandikie themanini."

Aliyewahi kujenga Dar es Salaam ananielewa. Hiyo ndiyo cha juu. Mwenye nyumba amempa fundi hela ya vifaa na anataka risiti. Fundi anataka risiti iseme zaidi ya alicholipa, tofauti iingie mfukoni mwake. Huomba iandikwe kwenye kile kitabu cha risiti cha mkono, kwa sababu ile ya mashine inamwachia muuzaji kodi ya hela ambayo hakuipata. Mimi mwenye duka sipungukiwi kitu. Nimeuza kwa bei yangu, fundi kafurahi, na kesho ataniletea mteja mwingine. Mwenye nyumba yuko kazini kwake Posta, hajui. Hakuna aliyelewa wala aliyezini, na Jumapili wote watatu tunaweza kukaa benchi moja kanisani.

Vijana wa kanisani kwetu wanaoanza biashara huniuliza namna ya kubaki Mkristo mjini, na mimi huanzia hapo kwa fundi.

Warumi 12:2 wengi tunaijua kwa moyo: "Wala msiifuatishe namna ya dunia hii, bali mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu." Tukifika hapo tunafunga Biblia, na mtu anabaki na picha ya mkristo mwenye orodha ndefu ya mahali asikokwenda. Mstari wenyewe unaendelea: "mpate kujua hakika mapenzi ya Mungu yaliyo mema, ya kumpendeza, na ukamilifu." Nia inafanywa upya ili mtu aweze kupambanua, akiwa amesimama hapo kaunta na foleni nyuma ya fundi, lipi ni jema. Na ukisoma bila kusimama utaona Paulo hakuishia mawinguni. Sura inayofuata, mstari wa 7, anawaambia watu walewale wa Rumi wampe mtu wa kodi kodi yake na mtu wa ushuru ushuru wake. Sijui kwa nini mstari huo hauandikwi kwenye kalenda za kanisa.

Aliyenisaidia kupita Paulo mwenyewe ni Danieli. Tunapenda kumhubiri kwenye tundu la simba, lakini mafunzo ya mfanyabiashara yako sura ya kwanza. Ni kijana wa Yuda aliyechukuliwa mateka Babeli, amewekwa kwenye shule ya mfalme Nebukadreza kwa miaka mitatu. Angalia alichokubali. Alikubali kujifunza elimu na lugha ya Wakaldayo. Aliitwa jina jipya, Belteshaza, lenye mungu wa Babeli ndani yake, na hatusomi kwamba aligoma. Akakubali na kazi ya serikali. Alichokataa ni sahani ya mfalme na divai yake.

Nasema haya kwa sababu nimewaona waliookoka kwa moto, wakafunga duka, wakauza simu, wakaacha hadi kusalimiana na majirani Waislamu, na baada ya miezi wamerudi sokoni wakiwa na madeni na hasira. Ukikataa kila kitu, muda si mrefu utachoka. Danieli alichagua pa kusimama. Tena maandiko yanasema "aliazimu moyoni mwake", na aliazimu kabla sahani haijafika mezani. Ukingoja fundi aegemee kaunta ndipo uanze kuomba upewe hekima, umechelewa. Mkono tayari umeshika kalamu, na wewe una kodi ya pango la duka ya kulipa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna upako wowote: kaa chini jioni, duka limefungwa, uandike ni mambo gani hasa katika kazi yako yatakujia, na jibu lako ni lipi. Kazi yako wewe unaijua. Mwenye bodaboda anajua yake, mwalimu anajua yake ya kuuza mitihani, afisa wa ofisini anajua bahasha huingilia wapi. Usiandike "nitakuwa mwaminifu". Andika sentensi utakayoitamka. Yangu ni hii: "Fundi wangu, risiti yangu inaandika nilichopokea. Ila asante yako ipo, nitakupa mbele ya bosi wako."

Nusu ya pili ya sentensi hiyo nimeitoa kwa Danieli pia. Hakumtukana msimamizi wake. Aliomba ruhusa kwa adabu, akaja na pendekezo: tujaribu siku kumi, tupe mtama na maji, kisha utuangalie nyuso. Alijua msimamizi naye ana bosi na anaogopa kukatwa kichwa. Fundi vilevile ana watoto, na mara nyingi amepatana ujira mdogo sana na mwenye nyumba, akitegemea cha juu kufidia. Ukimkataa ukamwacha hivyohivyo umejitakasa wewe, yeye umempeleka duka la jirani. Kwa hiyo anayeleta wateja dukani kwangu nampa kamisheni, na inajulikana. Mwenye nyumba akipiga simu kuuliza namwambia: nimempa fundi wako kiasi fulani, ni hela yangu, haiko kwenye bei yako. Wengine hushangaa. Kuna mmoja alicheka hadi akakohoa.

Je, ililipa? Hapa ndipo shuhuda nyingi huanza kunoga kupita kiasi. Mafundi kadhaa walihama na hawajarudi. Wenye nyumba wachache wameanza kuja wenyewe, hawajajaza pengo. Sijajenga ghorofa. Hao vijana watatu wenzake Danieli walipofika kwenye tanuru la moto walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, "bali kama si hivyo", sanamu hawaiabudu. Kila ninapomsikia mtu anafundisha uaminifu kama njia ya kutoboa, najua hajawahi kupoteza mteja kwa ajili yake.

Suala la pili la kila siku ni lile swali: "Unataka na risiti au bila risiti?" VAT yetu, kodi ya ongezeko la thamani, kwa kawaida ni asilimia 18. Bidhaa ya laki moja ikiingia kwenye mashine inakuwa laki moja na elfu kumi na nane, na mteja akisikia hivyo atasema bila risiti, tena atakushukuru. Mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, zipo tangu 2010, na tangazo la TRA, mamlaka yetu ya mapato, kila mtu analijua, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nilichofanya ni kuacha kuuliza. Bei iliyobandikwa ina kodi ndani, ni moja kwa wote, na risiti inatoka hata kama mteja ameshageuka kuondoka. Usipouliza swali, mteja hapewi jaribu na wewe hupewi. Ukweli ni kwamba kwa bidhaa fulani siwezi kushindana na jirani asiyetoa risiti, kwa hiyo hizo nimeacha kuziweka. Kuna biashara halali ambayo Mkristo fulani, mahali fulani, hawezi kuifanya kwa sababu tu imeharibiwa na wote wanaoifanya. Inauma, lakini bora uijue mapema kabla hujakopa mtaji.

Nimezungumza sana kuhusu mikono, na nia je? Nia hujengwa na maneno, na maneno sokoni hayakatiki. Mbele ya duka langu pana benchi. Mchana wateja wakipungua hapo ndipo wenye maduka, mawinga (wale wanaoita wateja) na madalali hukaa, na somo ni lilelile: mjini shule, bila ujanja hutoboi, fulani kapiga dili kaingiza kontena, mlokole atakufa maskini. Ni watu wazuri. Nikifiwa hao ndio wa kwanza kuleta mchango. Lakini Zaburi ya 1 inamwita heri mtu asiyefuata hatua tatu: kwenda na wasio haki, kusimama njiani mwa wakosaji, mwisho kuketi "barazani pa wenye mizaha". Hakuna anayeketi siku ya kwanza. Ukisikia kila siku kwamba kila mtu anapiga, mwaka ukiisha utaamini, hata kama hujapiga bado.

Benchi sijaliondoa. Ninalipima. Napita, nasalimia, nacheka kwa kinachochekesha, na nina kazi ya kurudia ndani. Benchi la pili, lile la kwenye simu, ndilo gumu zaidi, kwa kuwa halina saa ya kufunga. Status za watu wenye magari mapya, magrupu ya mizigo ya China, video za mtu anayekufundisha kupata milioni ukiwa umelala. Asubuhi kabla sijawasha data nasoma zaburi moja kwa sauti, jikoni, chai ikichemka. Kwa sauti, kwa sababu nikisoma kimyakimya akili yangu huanza kuhesabu mzigo. Ni dakika chache tu na siku nyingine sihisi chochote. Naendelea.

Lakini mtu peke yake hawezi, na hapa nitamtaja bibi yangu wa Kagera, aliyeokoka kwenye ule uamsho wa Afrika Mashariki. Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala mwaka 1929, na katika miaka ya 1930 moto uliwaka kutoka hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, ukavuka Uganda, Kenya na kwetu Tanganyika. Hata hilo jina la walokole tunalotaniwa nalo limetoka huko. Ndugu hao walikuwa na desturi ya kukutana kila wiki na "kutembea nuruni", yaani kusema mbele ya wenzako wiki yako ilivyokuwa, kwa majina ya vitu vyenyewe. Mtu alirudisha jembe la mzungu aliloliiba. Mwingine alirudisha ng'ombe. Bibi alikuwa akisema dhambi isiyotajwa inazaa.

Mimi nina wenzangu wachache tunaokutana baada ya kufunga maduka. Tunaulizana maswali ya aibu: wiki hii umeandika nini kwenye vitabu, umemlipa kijana wako wa dukani, umemdanganya nani kuhusu mzigo. Ushauri wangu ni utafute watu wa kazi yako. Kwaya ni nzuri, jumuiya ni nzuri, lakini mwalimu hawezi kujua kwamba rola ya waya inayosomeka mita mia inaweza kuwa fupi. Mwenye duka mwenzangu anajua, na ataniuliza kama niliipima.

Na tusisahau kwamba dunia ina funguo za kanisa. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, watu wasiopungua 20 walikufa wakikanyagana kwenye mkutano wa maombi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Waliokufa walikuwa watu wenye shida za kweli, siwacheki hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuja madhabahuni na nia ileile ya benchi, njia ya mkato, akaondoka nayo ikiwa imepakwa mafuta. Mahubiri yanayokuahidi nyumba na gari bila kukuuliza umevipataje, yasikilize kama unavyomsikiliza dalali.

Kijana aliyeajiriwa ana mtihani mgumu kuliko wangu, kwani kalamu ni yake lakini duka si lake. Bosi akikuagiza uandike themanini, usianze na vita. Muombe akupe kazi nyingine humohumo, stoo, kupokea mizigo, kupima waya. Mabosi wengi, hata wapigaji, wanapenda kuwa na mtu mmoja asiyewaibia. Akikataa, anza kutafuta kazi kwingine kabla hujaacha hiyo, na uwaambie wenzako wa maombi wakusaidie kodi ya chumba wakati huo. Kundi linalokuombea msimamo halafu halichangi hata unga, livunje.

Wengine mnasoma haya mkiwa tayari mmeandika themanini nyingi. Zakayo wa Yeriko, mkuu wa watoza ushuru, hakusema amebadilika. Alisema nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Jina lake Wakenya walimpachika Rais William Ruto kwa sababu ya kodi, wakaisahau hiyo sehemu ya pili ya habari. Torati katika Hesabu 5 ilidai kidogo zaidi: mali kamili na sehemu ya tano juu yake. Anza na anayejulikana. Mpigie simu, mwambie kiasi, usimweleze mambo ya wokovu kabla hujamlipa. Kama ni nyingi, patana kulipa kila mwezi na uandikiane naye. Kama mwenye mali hapatikani wala hana ndugu, sura hiyohiyo inaelekeza ipelekwe kwa Bwana kupitia kuhani. Kwa hiyo mpelekee mchungaji wako iingie kwenye diakonia, huduma ya kanisa kwa wahitaji, na umwombe jina lako lisisomwe siku ya mavuno.