Kwa mnaoanza kazi ya watambaazi wa chini ya udongo

Kipimajoto changu cha kwanza nilikitundika mtini. Kimo cha kifua, kivulini, nimekifunga vizuri kwa kamba ya katani, na kwa miezi mitatu nikawa naandika joto la asubuhi, mchana na jioni kama mtu anayejua anachofanya. Wanyama niliokuwa nikiwatafuta, nyoka vipofu na amfisbenia (watambaazi wachimbaji wanaofanana na mnyoo), walikuwa ardhini, kina cha mkono mzima. Daftari lile bado ninalo, na halijanisaidia kujibu swali hata moja.

Wengi wenu mnaingia kazi hii mkiwa mmesoma zaidi kuhusu mijusi wa juu ya ardhi. Mmesoma utafiti wa Barry Sinervo na wenzake wa mwaka 2010, kwamba huko Mexico asilimia 12 ya makundi ya mijusi wa jenasi ya Sceloporus yalikuwa yametoweka tangu 1975. Maelezo yao yanaeleweka: joto likizidi, mjusi anashinda kivulini, hapati muda wa kutosha wa kula, na asiyekula hazai. Ila msiichukue hesabu hiyo ya saa za jua mkampachika nyoka kipofu. Yeye hakuwa na saa hizo tangu mwanzo.

Akishaambiwa hivyo, mgeni hukimbilia upande wa pili: basi hawa wako salama, wamejificha. Nusu ni kweli. Hapa Voi, Kenya, mchana wa Februari, udongo mtupu usioguswa na kivuli hauwekeki kiganja. Chimba sentimita 30 na utakuta usiku na mchana karibu vimelingana. Lakini udongo unachuja mapigo ya siku tu. Wastani wa joto la juu ya ardhi ukipanda mwaka hadi mwaka, wa chini nao unaufuata, polepole, bila kelele. Shimo linamficha mnyama na jua la saa saba. Na ongezeko la miaka 20 halimfichi. Tena huyu amezoea joto lisiloyumba, hana mazoea ya kustahimili mengine.

Hata hivyo, mimi nikiulizwa nianze na nini, sianzi na joto. Naanza na maji. Mayai ya wengi wao yana ganda laini linalofyonza unyevu kutoka kwenye udongo. Udongo ukikauka yananyauka, ukijaa maji yanakosa hewa. Chakula chao kikubwa ni mchwa na sisimizi pamoja na vitoto vyao, nao pia hushuka ardhi inapokauka. Halafu kuna ugumu wenyewe wa udongo. Amfisbenia wa hapa, Geocalamus acutus, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1912, ana pua iliyochongoka kama kabari. Jembe lake ni fuvu lake. Udongo mwekundu uliolowa kidogo anaupenya. Ukishakauka kama tofali, anakwenda wapi? Kwa hiyo kila kipimajoto mkifukiacho, fukieni na kipima unyevu pembeni yake, katika vina vitatu angalau.

Sasa mitego, yaani ndoo tunazozifukia mdomo ukiwa sawa na ardhi ili mnyama anayepita atumbukie. Toboeni ndoo chini kabla ya kuzifukia. Mvua moja ya usiku imewahi kunizamishia wanyama wote wa wiki, na sipendi kulikumbuka jambo hilo. Kosa la pili lilinichukua muda zaidi kuliona. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipokatika mfululizo, ndoo zilikaa tupu na nikaandika “wamepungua”. Zikaja mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, ndoo zikajaa, nikakaribia kuandika “wamerudi”. Mama mmoja mwenye shamba karibu na mitego yetu alinitazama akacheka. “Mwanangu, kiangazi mimi hawa nawakuta nikichimbiwa choo. Huku juu utawapata wapi?” Ndoo hukamata mwendo, haihesabu watu wa nyumba. Anayehama kutoka kina cha sentimita 20 hadi mita moja hajafa, na aliyefukuzwa na mafuriko hajaongezeka. Linganisheni msimu na msimu wa aina yake, na mwaka mmoja msiuite mwelekeo.

Kwenye vilima vya Taita mambo yanachanganyika zaidi. Tulipima ndani ya msitu wa Ngangao na kwenye shamba la mahindi hatua chache kutoka ukingoni. Kukata miti tu kulikuwa kumeupasha udongo kiasi ambacho ningekuwa nimeshakiita mabadiliko ya tabianchi. Yote mawili yapo, na kipimo kimoja hakiwezi kuyatenganisha. Mnyama wa juu ya ardhi pengine angepanda mlima kufuata ubaridi. Huyu wetu anatembea ndani ya udongo, na kati ya msitu na msitu kuna barabara, nyumba na jembe. Halafu yule mrefu wa rangi ya samawati-kijivu mtakayemfukua huko, Boulengerula taitana, msimtie kwenye jedwali la watambaazi. Ni amfibia, wa jamaa ya vyura, ngozi yake haina magamba kama ya mtambaazi. Kila mwaka kuna anayekosea.

Mkimwona nyoka kipofu mdogo kwenye chungu cha maua Mombasa, msifurahi kwamba kuna aina iliyohama. Huenda ni yule wa Asia anayesafirishwa na miche. Wote ni majike na huzaa bila dume, mmoja tu anatosha kuanzisha ukoo.

Na kabla ya kushika chochote cheusi na chembamba kwa vidole: Atractaspis, nyoka mchimbaji mwenye sumu, hashikiki nyuma ya kichwa. Jino lake hutokea kando ya mdomo uliofumbwa, anakuchoma pale pale ulipomshika, na dawa ya sumu yake hakuna. Tumieni koleo ndefu, hata kama wenzenu watawacheka.

Vipima mkiviacha shambani kwa mtu, mwambieni mwenye shamba na mumwekee kijiti chenye kitambaa. Kimoja changu kililimwa na plau ya ng'ombe mwezi wa kumi na moja, na watoto wakanirudishia betri.