Nyanya zinaoza kitako: nipige dawa gani kali zaidi?

SWALI: Bwana shamba, shikamoo. Nipo Pasua, Moshi. Nina miche minane ya nyanya kwenye ndoo za lita 20 uani, na pembeni yake kuna kitalu kidogo cha mchicha na mnafu. Nyanya za kwanza zilibeba vizuri, ila zinaota doa jeusi huku chini na kuoza zikiwa bado za kijani. Majani yana kijani kizito, hayana shida yoyote. Duka la pembejeo walinipa dawa ya ukungu, nimepiga mara tatu, hamna kitu. Juzi muuzaji akanichanganyia nyingine kali zaidi kwenye chupa ya soda, nayo nimepiga. Jirani anasema nifukie maganda ya mayai. Urea naweka kijiko kila wiki, maji namwagilia nikirudi kazini, ingawa siku nyingine nachelewa. Nitumie dawa gani? Na ni kweli kwamba dawa ya nyanya haidhuru mchicha?

JIBU: Marahaba, dada. Dawa hakuna. Usitafute kali zaidi wala ya bei zaidi, kwa sababu nyanya zako haziumwi. Urea kila wiki, majani ya kijani kizito, maji siku nyingine yanachelewa: jibu lote lilikuwa kwenye maelezo yako mwenyewe. Kama yule muuzaji angekuuliza tu unamwagiliaje kabla ya kugeukia rafu yake, ungerudi nyumbani na hela yako.

Hicho ni kuoza kitako. Tunda limekosa kalsiamu wakati linatanuka kwa kasi. Kalsiamu hupanda na maji kutoka kwenye mizizi, na maji hukimbilia kwenye majani kwa sababu ndiko yanakopotelea juani. Ngozi ya nyanya ina nta, haipotezi maji mengi, kwa hiyo tunda hupata kinachobaki. Siku ndoo ikikauka, hakibaki kitu, na sehemu iliyo mbali zaidi na kikonyo ndiyo hufa kwanza. Ukirudi saa mbili usiku ukamwaga maji mpaka yatiririke chini, mmea unasimama tena na wewe unaridhika, lakini pale kitakoni palishakufa. Doa litajitokeza siku kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau kwamba ulichelewa.

Urea nayo imekuongezea tatizo. Imekuza majani mengi yanayoshindania maji na matunda, na amonia yake inazuia mizizi kuchukua kalsiamu iliyopo. Kijiko kila wiki ndani ya ndoo ni kingi mno. Acha kabisa mpaka vishada vinavyofuata viive, na ukitaka kulisha, weka samadi iliyooza vizuri, viganja viwili kwa ndoo.

Kuhusu maji, mnyanya wenye matunda kwenye ndoo, kwa jua la Moshi, unaweza kumaliza lita mbili hadi tatu kwa siku. Gawa: asubuhi kabla hujatoka na jioni ukirudi. Funika udongo kwa majani makavu ya mgomba, tabaka nene la vidole vinne, ila yasiguse shina. Hakikisha ndoo ina matundu chini, maana mizizi iliyolowa mfululizo nayo haivuti kitu. Kwa zile siku za kuchelewa, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano, ikate kitako, ifukie kichwa chini karibu na shina na uijaze asubuhi. Nyanya zilizokwisha kuoza zichume zote, hazitapona, na zinakula nguvu ya mmea bure.

Maganda ya mayai unaweza kuyafukia ukipenda, hayana madhara, lakini huchukua miezi mingi kuoza, na nyanya zako zitakuwa zimekwisha. Isitoshe, udongo mwingi wa huku kwetu una kalsiamu ya kutosha, ni njia ya kuifikisha kwenye tunda ndiyo iliyokatika. Ni sawa na kuongeza gunia la unga stoo wakati kilichokosekana jikoni ni maji ya kusongea. Maziwa yaliyochacha ni yale yale. Majivu, kiganja kimoja kwa msimu yanatosha. Ukizidisha unaharibu udongo. Na zile busta za kalsiamu za kupuliza majani, ambazo najua utauziwa wiki ijayo, zikitua kwenye jani hubaki kwenye jani. Hazishuki kwenda kwenye tunda.

Hayo yametosha kwa nyanya zako. Sasa nije kwenye kinachonikera.

Barua kama yako huja kila msimu, kutoka Majengo, Rau, Sakina, Usa River, na zote zinafanana: mtu ameona doa, amekimbilia dukani, amepewa dawa ya ukungu, haikufanya kazi, amepewa kali zaidi. Hakuna aliyeuliza doa liko upande gani wa tunda. Na mnyanya si peke yake. Pilipili hoho, bilinganya na tikiti maji huoza kitako kwa sababu hizo hizo na hupigwa dawa kwa makosa hayo hayo.

Kinachowadanganya wengi ni ule weusi. Kitako kikishakufa, ukungu wa kawaida ulio hewani hutua juu yake na kuota manyoya meusi. Muuzaji anayaona, anasema, "Si nilikwambia ni ukungu?" Ule ukungu umefika msibani, haukuua. Ukiukata huo mwisho wa nyanya mapema kabla haujaota kitu, utakuta sehemu kavu, ngumu kidogo kama ngozi, iliyobonyea, wala haina harufu. Hivyo ndivyo inavyokuwa.

Kitu cha pili kinachowadanganya ni kwamba baada ya dawa ya tatu au ya nne, tatizo huisha. Huisha kweli! Kuoza kitako hupiga zaidi vishada vya kwanza, wakati mmea unakua haraka na mizizi bado haijatanda. Baadaye mizizi hujaa, au mvua za masika huanza na udongo unabaki na unyevu, na nyanya zinatoka safi. Sifa anapewa aliyeuza chupa ya mwisho. Nimeshabishana na wakulima wazoefu kabisa juu ya jambo hili, na wengine hawajanielewa hadi leo.

Ugonjwa wa ukungu wa kweli hauwezi kukupita. Bakajani chelewa, ambayo hutusumbua sana Machi hadi Mei na kwenye baridi ya Juni na Julai, huanzia kwenye majani: mabaka ya rangi ya maji machafu yanayogeuka kahawia nzito, na asubuhi yenye umande ukigeuza jani unaona utando mweupe chini yake. Shina nalo linapata mabaka ya kahawia. Tunda likishambuliwa, mara nyingi huanzia mabegani, karibu na kikonyo, kwa baka gumu la kahawia. Kanitangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, anachimba ndani ya jani kati ya ngozi mbili mpaka linakuwa kama limeungua, na tundani anaacha vitobo vidogo chini ya kikonyo. Wewe umesema majani hayana shida. Basi hakukuwa na ukungu wala kanitangaze, na zile dawa zote ulipiga hewani.

Hapana, hukupiga hewani. Ulipiga kwenye mchicha.

Aliyekuambia dawa ya nyanya haidhuru mchicha amesema kweli, mchicha hautadhurika hata kidogo. Anayedhurika ni anayeula. Kila kiuatilifu kilichosajiliwa kina lebo inayosema kitumike kwenye zao gani, kwa kipimo gani, na usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Nyingine ni siku 3, nyingine 7, nyingine 14 au zaidi. Hesabu hiyo imefanywa kwa nyanya, tunda lenye ngozi laini ya nta. Mchicha ni jani tupu. Eneo lake lote linapokea dawa, na lote linaingia sufuriani. Halafu nyanya unangoja iive, ila mchicha unachuma kila baada ya siku mbili tatu, ukikumbuka kwamba hujanunua mboga. Mtu anapiga nyanya Jumamosi, anapika mchicha Jumatatu, na watoto wanakula na ugali.

Usiniambie utaosha kwa maji ya chumvi. Dawa nyingi za ukungu zinazouzwa huku ni mchanganyiko wa mankozebu na metalaksili. Mankozebu hukaa juu ya jani, ukiosha inapungua. Metalaksili huingia ndani ya mmea. Ndiyo kazi yake. Hakuna chumvi wala siki itakayoifuata humo. Na hiyo ni dawa ambayo angalau tunaijua jina.

Ya kwenye chupa ya soda hatuijui. Nimeisoma sentensi hiyo ya barua yako mara mbili. Lebo ya kiuatilifu ina jina la kiambato, namba ya usajili, kipimo, siku za kusubiri, na mkanda wa rangi chini kabisa: nyekundu kwa sumu kali zaidi, kisha njano, bluu, na kijani kwa ile yenye hatari ndogo. Vyote hivyo vilibaki dukani. Wewe ulipewa kimiminika ndani ya chupa ambayo mtoto yeyote wa Pasua anajua ni ya kinywaji. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake makuu yapo Ngaramtoni, pale Arusha, siyo nchi za mbali, na kazi yake mojawapo ni kusajili vitu hivi ili mtu asiuziwe kitu kisicho na jina. Dawa halali hutoka kwenye kifungashio chake. Ukipimiwa kwenye chupa ya soda, ya maji au mfuko wa nailoni, rudisha hapo hapo, hata kama ni nusu bei, hata kama muuzaji ni wa ukoo.

Na huo uchanganyaji wenyewe haufanyi dawa kuwa kali zaidi kama mnavyoaminishwa. Dawa mbili zisizopatana zinaweza kuganda ndani ya bomba, au kuunguza majani, au kuwa kiambato kile kile chenye majina mawili ya biashara, ukawa umepiga dozi maradufu bila kujua. Kanitangaze amekuwa sugu kwa dawa nyingi kwa sababu ya kupigwapigwa hivyo, kila wiki, awepo asiwepo. Bustani ya miche minane unaweza kuikagua jani kwa jani ukinywa chai. Jani lenye mdudu lichume, likanyage. Hakuna duka litakalokushauri hivyo, kwa sababu hakuna cha kuuza.

Kwa hiyo fanya hivi. Mchicha na mnafu wote ulio karibu na ndoo ung'oe na kuufukia, usiupe kuku wala ng'ombe. Panda mwingine mbali na nyanya. Mchicha ndani ya wiki tatu hadi nne unachuma, hasara si kubwa. Nyanya zilizopo sasa kwenye miche, hata zile nzuri, zitoe zote na kuzifukia, maana hatujui walichokuchanganyia kinahitaji siku ngapi. Najua inauma. Miche yenyewe iache, itatoa maua mapya, na kutoka ua hadi nyanya nyekundu ni kama wiki sita hadi nane. Hizo mtakula bila wasiwasi.

Chupa iandike SUMU kwa maandishi makubwa leo hii, ifunge, iweke juu mahali pa kufungwa kwa ufunguo, kisha umpelekee afisa kilimo wa kata na umweleze umeinunua wapi. Usiimwage kwenye mfereji, kuna watu wananyweshea mboga huko chini. Wala bomba usilisuuzie hapo.

Na kama kuna mtu nyumbani ameanza kutoka jasho jingi, kutokwa na mate, kutapika, au mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, mpeleke hospitali sasa hivi pamoja na hiyo chupa. Msimpe maziwa, hayaondoi sumu. Msimtapishe. Baadhi ya sumu za wadudu zina tiba yake hospitalini, atropini, lakini daktari anatakiwa ajue anapambana na nini, na chupa ya soda haitamwambia.

Kuhusu mbegu: nyanya ndefu, aina ya Roma na ndugu zake, huoza kitako kwa urahisi kuliko za duara, na zile ndogondogo za kula kama karanga haziozi kitako mara nyingi. Kwa ndoo, na kwa mtu anayerudi usiku, ningepanda hizo ndogo. Ukishasawazisha maji na kuacha urea, halafu kishada cha tatu na cha nne bado kikaoza, hapo tutautazama udongo. Kule tambarare, chini ya Moshi kuelekea Kahe, kuna maeneo yenye magadi, na udongo wa chumvi unaunyima mmea maji hata kama umelowa. Ukiniandikia tena, niambie huo wa kwenye ndoo uliuchota wapi.