Kubadilisha beringi za injini nyumbani: tafuta kwanza kilichoziua za zamani

Pikapu yangu, Hilux ya mwaka 1986 yenye injini ya petroli ya 22R, imebadilishiwa beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krankshafti, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) mara mbili ndani ya miezi miwili, na mara zote mbili fundi nilikuwa mimi mwenyewe, chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba yangu hapa Morogoro. Mara ya kwanza nilimaliza kwa siku moja na nusu nikajisifu mbele ya majirani. Mara ya pili ilinichukua wiki tatu, na ndiyo hiyo peke yake ninayoweza kumshauri mtu mwingine aifuate.

Mlio ulianza nikiteremka kutoka Mgeta na mzigo wa kabichi. Kila nilipoondoa mguu kwenye mafuta, injini iligonga kwa sauti nzito kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi, na nilipokanyaga tena, mlio ulififia. Hiyo ni dalili ya kawaida ya beringi ya konrodi iliyolegea, tofauti na mlio mwembamba wa vali zinazohitaji kurekebishwa, ambao husikika juu ya injini na hautikisi chochote. Ukitaka kujua ni silinda ipi, zima injini, chomoa waya wa plagi moja, uupachike kwenye plagi ya akiba iliyofungwa vizuri kwenye chuma cha injini ili umeme upate pa kwenda, kisha uwashe na usikilize. Silinda ambayo ikizimwa mlio unapungua sana ndiyo yenye ugonjwa. Kwangu ilikuwa ya tatu.

Kabla hujafungua hata nati moja, mwaga oili na ukate filta ya zamani kwa msumeno wa chuma, mbali na vumbi, halafu ukunjue karatasi yake juani. Nilipofanya hivyo niliona chembe zinazong'aa kama rangi ya dhahabu iliyonyunyiziwa. Pitisha sumaku juu yake: chembe zikinasa, ni chuma, na huenda zimetoka kwenye ringi, gia au cheni, zisiponasa na zina rangi ya shaba au fedha, ni beringi zinazokwisha. Beringi ya injini ni bamba la chuma lililokunjwa nusu duara, ndani yake kuna tabaka la shaba iliyochanganywa na risasi, na juu kabisa kuna utando laini wa kijivu. Utando huo ukiisha, shaba huanza kuonekana, na hapo ndipo mlio unapoanza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini macho. Niliteremsha sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, nikafungua kepu (kifuniko cha chini) ya konrodi ya tatu, nikakuta beringi imeliwa hadi shaba, lakini shingo ya krankshafti, yaani ile sehemu ya mviringo inayoshikwa na konrodi, ilionekana kung'aa vizuri. Nilisugua kwa msasa laini uliolowa oili, nikafunga seti mpya ya saizi ya kawaida, nikajaza oili, nikaondoka. Baada ya takribani kilomita 900 hodi ilirudi, tena kwa nguvu zaidi. Jirani yangu mmoja mzee, aliyefanya kazi ya kerezo karibu maisha yake yote, alisimama pembeni akanitazama nikitambaa tena chini ya gari.

"Mwanangu," akaniambia, "umemzika marehemu bila kuuliza amekufa na nini."

"Shikamoo mzee," nikajibu nikiwa bado chini, kwa kuwa sikuwa na jibu lingine.

Akaniazima maikromita yake, kifaa cha kupimia vipande vidogo sana vya milimita. Shingo za konrodi za 22R zikiwa mpya huwa na kipenyo cha karibu milimita 53, na tofauti inayovumilika kati ya kipimo cha wima na cha mlalo ni takribani milimita 0.01 tu. Shingo yangu ya tatu ilisoma 52.98 upande mmoja na 52.93 upande mwingine. Ilikuwa imekuwa yai. Hakuna jicho linaloweza kuona tofauti ya kipenyo ya milimita 0.05, na hakuna beringi mpya inayoweza kudumu juu ya shingo ya namna hiyo, kwa sababu utando wa oili unaoibeba hukatika katika kila mzunguko. Kwa hiyo, kama huna maikromita, iazime au mlipe mwenye nayo; ukikosa vyote viwili, ahirisha kazi. Pima kila shingo sehemu mbili kwa urefu wake, na kila sehemu kwa pande mbili, uandike kwenye daftari. Shingo zikiwa sawa, beringi za konrodi hubadilishwa kutokea chini bila kutoa injini, na hapo kazi ya nyumbani ina maana. Zikiwa mbovu, injini lazima itoke, na ni heri ulijue hilo kabla ya kununua chochote.

Lakini swali la mzee lilikuwa bado halijajibiwa. Kwa nini beringi ilikufa, na kwa nini sasa? Jibu lilikuwa chini ya sampu tangu mara ya kwanza, nami nililifuta kwa kitambaa: tope jepesi la rangi ya maziwa ya chai lililojikusanya kwenye kona. Maji ya rejeta yalikuwa yanaingia kwenye oili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Toyota iliacha kutumia cheni ya taimingi (ile inayozungusha kemshafti, mhimili wa kufungulia vali) ya safu mbili kwenye injini hizi, ikaweka ya safu moja inayoongozwa na vipande vya plastiki. Plastiki hiyo ikizeeka huvunjika, cheni hulegea na kuanza kusaga kava ya mbele kutoka ndani, na nyuma ya ukuta huo mwembamba wa alumini ndipo maji yanapopita. Nilipoitoa kava yangu nilikuta mtaro uliochimbwa na cheni, na katikati ya mtaro huo tundu lisilozidi punje ya mtama. Oili yenye maji haibebi mzigo. Nilikuwa nimebadilisha beringi, nikaacha tundu likiendelea kudondosha.

Kama injini yako si 22R, muuaji atakuwa mwingine, ila mara nyingi hajifichi mbali: pampu ya oili iliyochoka, au chujio la sampu lililozibwa na mabaki ya silikoni ambayo fundi fulani aliimwaga kwenye gasketi bila kiasi.

Injini ilitoka. Krankshafti ilichongwa shingo zote, si ile ya tatu peke yake, kwa milimita 0.25, na hii ina maana kwamba beringi mpya nazo zinapaswa kuwa za 0.25, yaani zilizotengenezwa kwa shingo iliyochongwa kiasi hicho. Duka nililonunulia lilinipa boksi lililoandikwa 0.25 ambalo ndani yake mlikuwa na beringi zilizogongwa mhuri wa STD, yaani saizi ya kawaida, mgongoni. Sijui kama ilikuwa bahati mbaya. Tangu siku hiyo siamini boksi; nageuza kila kipande na kusoma mgongo wake nikiwa bado mbele ya kaunta. Krankshafti ikitoka kuchongwa, usiifunge kabla ya kusafisha matundu ya oili yanayopita ndani yake, kwa maana unga wa jiwe la kuchongea hubaki humo. Nilitumia mafuta ya taa na brashi nyembamba ya waya, kisha upepo wa kompresa, na bado kitambaa cheupe kilitoka kijivu mara tatu.

Katika kufunga, usafi ndio nusu ya kazi. Kepu za konrodi hazibadilishani: kila moja ilichongwa pamoja na konrodi yake, hivyo zigonge namba kabla ya kuzifungua, na hakikisha alama za mbele zinatazama mbele. Valisha boliti za konrodi vipande vya mpira wa kupitishia mafuta ili zisikwaruze shingo wakati unapandisha pistoni. Nyuma ya beringi pawe pakavu kabisa, bila oili; oili ni ya upande wa ndani. Kisha upime nafasi kwa plastigeji, ule uzi laini wa plastiki unaokatwa kipande na kulazwa juu ya shingo kavu. Funga kepu kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ambayo kwa konrodi za 22R ni Nyutonimita 69, usizungushe krankshafti hata kidogo, fungua, halafu ulinganishe upana wa uzi uliobanwa na mistari iliyochapwa kwenye pakiti. Nafasi inayotakiwa ni kati ya milimita 0.025 na 0.055. Zangu zilisoma karibu 0.04 zote nne, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili nilikunywa chai yangu ikiwa bado ya moto.

Kuna watu watakushauri uchonge kepu kidogo au uweke kipande cha bati nyuma ya beringi ili kuziba nafasi. Nimeshuhudia injini moja iliyofanyiwa hivyo. Bati lilikuwa limeziba tundu la oili, na konrodi ilikuwa imetoka kupitia ubavu wa bloku.

Usiwashe moja kwa moja. Pampu ya 22R ikikaa kavu husahau kunyonya, kwa hiyo niliijaza vaselini kabla ya kuifunga. Kisha tenganisha waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili, uzungushe injini kwa stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izimike. Hapo ndipo urudishe waya. Ikiwaka, usiikanyage; iache ipate joto taratibu huku ukikagua uvujaji, na ukisikia mlio wowote mzito, zima papo hapo. Kwa kilomita 500 za kwanza sikubeba mzigo wala kupanda Mgeta, kisha nikamwaga oili na kukata filta kama kawaida. Karatasi ilikuwa na vumbi la kijivu kidogo tu, ambalo kwa injini iliyofungwa upya ni la kutarajiwa, na kijiti cha oili hakikuwa na alama ya maziwa. Filta ya pili, baada ya kilomita 3,000 nyingine, nilimpelekea mzee aikunjue mwenyewe. Aliigeuza juani muda mrefu, akanirudishia bila kusema neno, akaniomba lifti ya kwenda mjini.